Uliyeshika Kalamu ya Baba

9 Februari 1993

Dada,

Usishtuke kuona bahasha. Mimi na kalamu hatujawahi kupatana, na wewe ndiye uliyenifundisha kuishika, mkono mmoja umeshika kitabu na mwingine umeshika sikio langu. Leo sina njia nyingine ya kusema nawe. Kama uko kwenye cherehani, toa mguu kwenye kanyagio kwanza.

Ile sauti iliyokuwa inakwaruza kwenye simu, nikakwambia ni mafua, haikuwa mafua. Ulikuwa uvimbe kooni. Daktari alinieleza bila kuzunguka: akiuacha utaniua, na akiutoa atautoa pamoja na kisanduku chote cha sauti. Nilimwuliza kama hawezi kuniachia hata kipande. Alidhani natania. Mwanzoni mwa Januari wakanipasua. Sasa napumulia kitundu kilicho chini ya shingo, nakifunika kwa skafu, na nikifungua mdomo hakitoki kitu, hata mguno. Na sauti hairudi, dada. Nimeuliza mara tatu kwa maandishi.

Mwili haujambo. Zinazonisumbua ni siku, zimekuwa ndefu kupita kiasi. Dukani nanyoosha kidole kama mtoto. Jirani wa ngazini tulizoea kutaniana naye kila asubuhi. Sasa akinisalimia nampungia mkono tu, na naona anafikiri nimeanza kuringa. Siwezi kumweleza. Nikiandika kikaratasi nimpe, atakuwa ameshafika chini. Kama rafiki yangu Kidole angekuwa hai ningekuwa na mtu wa kukaa naye kimya. Miaka ishirini na minne yeye anaweka sindano kwenye santuri, mimi nashika kipaza sauti. Tangu tumzike mwaka juzi sijapata rafiki mwingine, na sasa sijui mtu humpataje rafiki bila kuongea.

Nina ombi moja. Usimwambie mtoto. Najua ni mtu mzima, ana miaka ishirini na mitatu na anafanya kazi, lakini nilimwacha ana mitano, mwaka mmoja baada ya kumzika mama yake. Sura yangu haijui. Ile picha ya kwenye jalada la santuri, nywele zimefunika uso wote, hata mimi sijitambui. Anachokijua ni sauti: kaseti nilizomtumia, na simu ya Jumapili ya kwanza ya mwezi. Baba yake ni sauti, dada. Ukiitoa, anabaki na nini? Nipe muda nijue la kufanya.

Mdogo wako

---

10 Machi 1993

Mdogo wangu kichwa ngumu,

Sikutoa mguu kwenye kanyagio. Nilikuwa nashona sare za shule, na sasa kuna mtoto fulani ana shati ambalo mkono wake umeshonewa kwenye kola.

Nimelia, nikakasirika, nikalia tena. Walikupasua shingo na ukakaa wiki tano hujamwambia mtu! Nani alikushika mkono? Nani alikuletea chai ulipozinduka? Usinijibu, najua jibu, na ndilo linaloniuma kuliko shingo yenyewe.

Miaka yote watu huku wananiuliza ndugu yako anafanya kazi gani. Nawaambia, ni dijei wa rege. Wanasema, aa, anapiga santuri. Nawaambia hapana, santuri anapiga mwenzake, yeye anaongea juu ya mdundo. Anaongea tu? Ndiyo, anaongea tu, na watu wanatoka majumbani kwao kwenda kumsikiliza. Wewe ambaye nyumbani tulikuwa tunakulipa pipi unyamaze. Sikuwahi kuielewa vizuri hiyo kazi, lakini nilijivuna, na sikuwahi kukwambia. Basi nakwambia sasa.

Kuhusu mtoto. Unajua amehamishiwa kile kituo cha treni cha njia panda, na yeye ndiye anayetangaza treni. Anakaa peke yake kwenye chumba cha kioo juu ya jukwaa la abiria na anaongea na watu wasiomjibu. Sijui amerithi kwa nani. Jumapili ya kwanza ya Januari alikaa ofisini kwa mkuu wa kituo kungoja simu yako toka saa kumi mpaka kukafungwa. Februari hivyo hivyo. Machi hivyo hivyo. Ameniandikia kuuliza kama alikukosea neno mlipoongea Desemba, kwa sababu alikwambia kwa mzaha kwamba sauti yako imezeeka.

Nitanyamaza kwa kuwa umeniomba, ila ujue mimi si mwongo mzuri. Nikidanganya masikio yanawaka moto. Mwandikie. Usimwache hewani.

Dada yako

---

28 Machi 1993

Mwanangu Kengele,

Marahaba. Naipokea kabla hujaitoa.

Usitoe macho, ni mimi baba yako, na nimeshika kalamu. Simu zimenishinda kwa sababu tuko safarini na mitambo. Ni safari ndefu, miji midogo midogo, kote tunapofika simu ama haipo ama imekufa. Juzi tumejaza ukumbi wa watu elfu mbili, wakapiga makelele mpaka santuri ikarudishwa mwanzo mara tano. Hukunikosea neno lolote. Sauti imezeeka kweli, hukusema uongo.

Siku moja uliniuliza nilianzaje kazi hii, simu ikakatika. Ngoja nikujibu sasa, barua haikatiki.

Nilikuwa seremala, nina miaka ishirini na miwili. Mtu mmoja mwenye mitambo ya muziki alinipa kazi ya kutengeneza makasha ya spika, makubwa kama kabati la nguo, manne. Jumamosi moja mchana tukayajaribu uani. Kidole ndiye aliyekuwa kwenye santuri. Santuri za rege zina upande wa pili, wimbo ni ule ule lakini maneno yametolewa, imebaki ngoma na besi, na juu yake dijei anapiga maneno yake mwenyewe. Dijei wao siku hiyo hakuja. Mdundo ukawa unakwenda mtupu, majirani wamekaa ukutani wanangoja. Kidole akanitazama akasema, "Seremala, jaza hapo."

Sikuwa na cha kusema, nikaelezea mbao. Nikasema zilivyokatwa, misumari mingapi, kidole gumba gani nilikigonga, nani alikuja kuuliza kama ni majeneza. Watu wakacheka. Wakapiga kelele, Kidole akainua sindano akairudisha mwanzo. Mwanangu, mtu akishawahi kurudishiwa santuri mwanzo hawezi tena kupigilia misumari kwa amani. Wakaniita Ngurumo. Miaka minane baadaye mitambo ikaitwa huku ng'ambo kwa miezi sita, nikakuacha kwa shangazi yako kwa miezi sita. Ukaja wimbo ule wa makasha, uliopigwa kwenye redio za nchi ambazo siwezi kutamka majina yake, na baada ya hapo kila mwaka nilisema mwaka kesho.

Unajua hayo mengine. Andika kwa anwani iliyo nyuma, barua zitanifuata.

Baba yako, Ngurumo

---

2 Mei 1993

Baba, shikamoo.

Naandikia ofisini kwa mkuu wa kituo. Ni Jumapili ya kwanza ya mwezi na saa kumi na moja imepita. Ulisema simu hakuna huko, lakini nimekuja, mazoea tu. Mkuu wa kituo anajifanya anapanga mafaili ili nisijione mpweke.

Asante kwa barua. Nimecheka kwenye majeneza. Lakini baba, sikujua una mwandiko. Umri wote huu sijawahi kuuona. Niliishika ile karatasi kama niliyeletewa barua ya mtu mwingine. Kaseti zako nazijua zote ishirini na sita, nazijua mpaka mahali unapokohoa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuweka mezani wakati wa chakula, shangazi atakwambia, na nilikuwa nakujibu. Ukiuliza "umekula?" nasema ndiyo baba. Ukiuliza "unamsikiliza shangazi?" nasema uongo.

Kazi yangu ni nzuri. Natangaza treni kumi na moja kwa siku. Naona vichwa vya watu kwa juu, wanainua nyuso nikianza kuongea, wakishasikia yao wanainama tena. Hakuna anayenifahamu kwa sura. Nikienda sokoni nikiomba nyanya, muuzaji anageuka ghafla, "Wewe ni yule wa treni!" Siku nyingine hicho ndicho kitu pekee ninachoambiwa na mtu tangu asubuhi.

Nakuomba kitu kidogo. Niletee kaseti. Hata dakika moja. Kama safari imekuchosha sema jina langu tu na uniulize kama nimekula. Si kwamba barua siipendi. Ni kwamba nikiisoma naisoma kwa sauti yangu, basi ninakuwa bado niko peke yangu.

Mwanao

---

20 Mei 1993

Dada,

Anataka kaseti. Barua yake iko hapa na siwezi kuisoma mara ya pili.

Kwanza nikutolee la moyoni, maana wewe nimekudanganya pia. Hakuna safari. Hakuna ukumbi wa watu elfu mbili kama nilivyomwandikia mtoto, na hata kabla ya koo ulikuwa umeshapita mwaka wa nne bila kujaza ukumbi wowote. Wamekuja vijana wenye ndimi za haraka na midundo ya kompyuta. Sisi wa zamani tukawa tunaitwa kufungua onyesho tu, saa tisa alasiri, watu wanane mbele yetu na mmoja wao ni fundi umeme. Kidole alipokufa hata hilo likaisha. Nafanya kazi kwa dobi mkubwa, nakunja mashuka ya hoteli. Mashine zinapiga kelele mchana kutwa, hakuna anayeongea, kwa hiyo wenzangu hawajajua kwamba siwezi.

Sasa sikiliza. Unakumbuka sikuwa natuma kaseti yenye kosa? Nikikosea neno nilikuwa naiweka kando na kuanza nyingine. Zile zilizoharibika sikuzitupa. Ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, zaidi ya thelathini. Nimeazima mashine ya pili. Nachukua "mwanangu Kengele" hapa, "umekula?" pale, "nimepata ujumbe wako" sehemu nyingine, naunganisha. Nina dakika tatu tayari. Ukisikiliza huwezi kujua. Mimi mwenyewe jana nilisahau nikataka kumjibu.

Ni uongo, najua. Ni wa mara moja tu.

Mdogo wako

---

30 Mei 1993

Mwanangu Kengele,

Uliyoomba nimeambatanisha. Samahani kwa makelele ya nyuma, unajua maisha ya safarini.

Baba yako

---

8 Juni 1993

Mdogo wangu,

Usifanye hivyo. Kama hujaituma, itupe. Mtoto huyu amelelewa na kaseti zako, anakusikiliza kuliko mimi ninavyotazama mshono. Mwambie ukweli au niruhusu nimwambie.

Nimeandika kwa haraka niwahi gari la posta.

Dada yako

---

27 Juni 1993

Kwako uliyeshika kalamu ya baba yangu,

Sijui nikuite kaka, mzee au mama, kwa hiyo nisamehe kwa kukosa heshima.

Kaseti imefika. Nilifunga mlango, nikakaa nayo kitandani. Mara ya kwanza nililia kwa furaha. Mara ya pili nikamsikia akisema, kwa mbali kidogo, "Kidole, funga huo mlango, naongea na mtoto."

Kidole amekufa. Baba mwenyewe alinipigia kunieleza. Ilikuwa simu ndefu kuliko zote, alilia mpaka mkuu wa kituo akatoka nje kuniachia ofisi. Mtu hawezi kumzika rafiki yake mwaka juzi na kumwomba afunge mlango mwezi uliopita.

Basi nikakaa nikaunganisha mambo. Desemba sauti ilikuwa mbovu. Januari kimya. Machi zinaanza kuja barua, na mtu ambaye hajawahi kuniandikia hata kadi anaandika kurasa mbili. Nilimwuliza shangazi kama ule ni mwandiko wa baba, akajibu upesi mno kwamba ndiyo. Sasa imekuja kaseti iliyoshonwa viraka.

Baba yangu alikufa lini? Ilikuwa Januari?

Sina hasira na wewe. Nimezisoma barua zako vizuri na naona una huruma. Hadithi ya mbao ni nzuri, lazima ulikuwa rafiki yake, maana mtu asiyempenda asingeijua. Labda alikuomba mwenyewe, "mwanangu asijue." Angeweza kusema hivyo. Lakini umenichelewesha. Kuna miezi sita nilikuwa nakwenda ofisini Jumapili kumngoja mtu aliyezikwa, na wewe ulijua.

Nakuomba mambo mawili. Niambie amelala wapi, niandike mahali. Na usinitumie tena sauti yake. Zile nilizo nazo alizisema kwangu akiwa hai. Hiyo moja umeniharibia hata nyingine, kila nikiwasha naanza kutafuta ulipounganisha.

Asante kwa kunifariji ulivyoweza.

Binti wa marehemu

---

12 Julai 1993

Mdogo wangu,

Umeyaona uliyoyafanya?

Amekuja hapa kwa likizo ya siku nne. Aliingia, hakuniamkia, akauliza, "Shangazi, amezikwa wapi?" Nikasema yu hai. Akasema, "Basi mpigie simu nimsikie." Nikabaki nimeshika mkasi.

Nimekivunja kiapo chako, na sijutii. Nimemwambia yote: koo, daktari, kitundu, skafu, mashuka. Nilimwonyesha na barua zako. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniambia, polepole kama anayeongea na mgonjwa, "Shangazi, hapo mmefikiri vizuri. Mtu aliyetolewa sauti. Kwa hiyo hatutamsikia tena, na barua zitaendelea kuja." Halafu akanikumbatia. Akanionea huruma mimi!

Unaelewa? Ukweli wako umefanana na uongo kuliko uongo wako wote. Ndani ya barua zako haoni chochote ila mwandiko, na mwandiko ule kwake ni wa mtu mwingine. Kaseti amezifunga kwenye boksi kwa kamba, na ananiambia nipumzike, nisijikaze, nilie. Ananinyenyekea kama mfiwa mwenzake. Nami siwezi kulia kwa sababu hujafa, na siwezi kumnyamazisha kwa sababu haniamini. Kwa mara ya kwanza tangu uniachie huyu mtoto, yuko nyumbani kwangu na hanitegemei kwa lolote.

Barua haitamaliza jambo hili. Njoo. Nyanyuka hapo ulipo, uje na hiyo shingo yako.

Dada yako

---

30 Julai 1993

Dada,

Nimeisikiliza tena ile kaseti, kwenye nakala niliyobaki nayo. Kabla ya kuituma niliisikiliza si chini ya mara kumi na tano, nikitafuta mahali pa kuunganisha, nikitafuta mkwaruzo. Kidole sikumsikia hata mara moja. Kumwita Kidole kwangu kulikuwa kama kukohoa. Mbele ya watu, nyuma ya watu, nikiwa chooni, Kidole rudisha, Kidole ongeza, Kidole funga mlango. Mtu mwingine yeyote angemsikia.

Naja. Nimekata tiketi. Dobi mwenzangu nimemwandikia kikaratasi cha kuaga, akakisoma, akaniuliza kwa mshangao, "Kumbe wewe ni bubu?" Miezi sita tumekunja mashuka pamoja, yeye kona hizi, mimi kona zile.

Sitaanzia kwako. Nitashuka njia panda. Usimwandikie kwamba naja, atasema mmemtafuta mtu wa kuigiza.

Nakwambia wewe tu: naogopa. Nimesimama mbele ya watu waliolewa, mbele ya watu waliorusha chupa, sikuwahi kuogopa hivi. Kule nilikuwa na cha kuwapa. Huyu naenda kumwonyesha mzee mwenye upara na tundu shingoni, nimwambie ndiye huyu uliyekuwa unamngoja. Nywele zimekwisha, dada. Walizinyoa hospitali na hazikuota za maana.

Nimekata kadi, nimeandika MIMI NI BABA YAKO. Nimeiandika mara nane ili mwandiko upendeze.

Mdogo wako

---

24 Agosti 1993

Shangazi, shikamoo.

Kaa chini. Na utoe mguu kwenye kanyagio, nimeambiwa nikukumbushe.

Jumamosi mchana mpagazi alipanda kuniambia kuna mzee chini ya dirisha langu, ameshuka na treni ya saa nne na hataki kuondoka. Akiulizwa anakwenda wapi hajibu. Nilichungulia. Mwembamba, ana upara, ana skafu kwenye joto lile. Kila nikitangaza anainua uso, lakini akishasikia hainami kama wengine. Nikatangaza ya saa sita, akabaki. Nikatangaza ya saa saba, akabaki. Nikafikiri, huyu amepotelewa na akili au amepotelewa na treni.

Nikashuka. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mzee, unasafiri kwenda wapi nikusaidie?" Akatia mkono mfukoni, akatoa kadi, nikaishika yeye akiwa bado hajaiachia.

Shangazi, sikusoma maneno. Niliuona mwandiko. Nikajua huyu ndiye, yule aliyekuwa ananiandikia, amekuja mpaka hapa. Nikasahau kila kitu ulichonifundisha. Nilimpigia kelele mbele ya abiria. Nikamwambia, "Nilikwambia uache! Nilikuomba kitu kimoja, uniambie umemzika wapi! Baba yangu yuko wapi?" Nilimshika koti. Nikamwuliza tena na tena, baba yangu yuko wapi, na yeye anafungua mdomo, hakitoki kitu, anafungua tena. Mpagazi akaja kunishika. Nikaona mzee anafungua skafu mwenyewe, polepole. Nikaliona tundu. Hata hapo, nisamehe, nilijiambia kwamba wagonjwa wa koo ni wengi, wamemtafuta mmoja.

Kisha akakunja uso kwa kilio. Na huo uso, shangazi, ni wako. Ni wako mtupu. Kidevu kinavyopanda, jicho la kushoto linavyotangulia kujifunga, hivyo hivyo unavyofanya uzi ukigoma kuingia kwenye sindano. Umri wangu wote nimeutazama uso huo ng'ambo ya meza na sikujua ni wa nani mwingine. Hakuna mtu anayeweza kwenda kuutafuta uso wako akauvaa.

Sikumbuki nani alimkumbatia nani. Nakumbuka ni mrefu, kichwa changu kinaishia hapa begani. Nakumbuka ananuka sabuni ya kufulia. Mkono wake ni mzito, na aliniwekea kichwani akauacha hapo kama mtu aliyesahau kuuondoa. Hayo yote sikuwa nayo. Kaseti ishirini na sita na hakuna hata moja yenye mkono.

Treni ya saa tisa iliondoka bila kutangazwa. Watu kumi na wawili walibaki, mmoja ni diwani. Mkuu wa kituo amenipa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwangu. Nikampa baba aisome. Amecheka, shangazi. Hakuna kilichosikika, lakini mabega yalicheka, na tumbo, mpaka akashika meza.

Hatuzungumzi sana. Mimi naongea, yeye anaandika, na anaandika taratibu mno, nimeshalala jibu halijafika. Jana nilikasirika kidogo. Nilimwambia miaka kumi na minane ya mwaka kesho, halafu unaniletea uongo wa kushona. Hakujitetea. Aliandika, "Niliogopa utaniambia nirudi nilikotoka." Nikamwambia ningesema hivyo labda, na halafu ningemwambia ale kwanza.

Tutakuja kwako Ijumaa. Ana mengi ya kukuandikia kuhusu sikio lake ulilolivuta.

Sasa hivi amesinzia kwenye kiti changu, kalamu mkononi, skafu imelegea. Nimefunga dirisha ili kelele za kituo zisiingie, niweze kumsikia anavyopumua.

Mwanao